Barabara Ikaguliwe Mbele ya Wanaoipita

Hotuba ya wakili kwa waumini na wanaharakati, Bura, Taita Taveta



Tulipopokea mwaliko wa kuzungumzia kamati zinazopitia miradi ya barabara na ujenzi wa umma, tulidhani mmekosea anwani, kwamba barua hiyo ilistahili kwenda kwa mhandisi. Lakini mwishoni mwa barua mlitueleza kuwa baadhi ya wazee wa makanisa wanaombwa kutia saini karatasi za kuthibitisha kwamba kazi imekamilika, ilhali kazi yenyewe hawajaitia machoni. Hapo tukaelewa kwa nini mlimwita wakili.

Desturi ya mradi kushuka kutoka juu ni kongwe kuliko Jamhuri. Mwaka 1915 Waingereza, wakijiandaa kupambana na Wajerumani upande wa Taveta, walitandika reli kutoka Voi, ikapita Mwatate na hapa Bura kuelekea Maktau. Ilikuwa reli ya vita, na misheni hii, iliyoanzishwa mwaka 1892, iliiona ikipita. Haikuwa kazi ya kumuuliza mwenye shamba.

Baada ya Uhuru tulitaraji kuulizwa. Mwaka 1983 ukaja mpango wa kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo, na kamati ya maendeleo ya kila wilaya ikapewa nguvu zaidi. Jina lilikuwa zuri. Lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa Mkuu wa Wilaya, ambaye hakupigiwa kura na yeyote, na mwenyekiti wa KANU wa tawi alikuwa na kiti chake humo. Tangu Juni 1982 hadi Desemba 1991 Katiba ilikuwa na kifungu cha 2A, kilichosema chama ni kimoja tu. Basi aliyehoji daraja alionekana amehoji chama, na aliyehoji chama alijua pa kwenda. Wundanyi ilipata kuwa na mbunge Mwashengu wa Mwachofi, kati ya mwaka 1979 na 1983, mmoja wa wale saba waliobandikwa jina la masista wenye ndevu kwa sababu ya ukaidi wao wa kuuliza maswali Bungeni. (Masista wetu mlioketi mbele mtatuwia radhi, jina hatukulitunga sisi.)

Twayasema haya ili vijana wafahamu kwamba vyama vingi havikupiganiwa kwa ajili ya wanasiasa kupata magari ya rangi mbalimbali. Vilipiganiwa, pamoja na mengine, ili raia wa Bura aweze kumwuliza mtu wa serikali, mchana kweupe, kalvati hii imegharimu kiasi gani, na arudi nyumbani kwake salama.

Je, leo tunauliza? Sheria imetufungulia mlango mpana. Katiba ya mwaka 2010 yataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma, ibara ya 201. Ibara ya 35 yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 227 yataka ununuzi wa serikali uwe wa haki, wa wazi na wa ushindani. Na bado twatembea juu ya barabara zilizokwisha kulipiwa, huku matope yakitufika magotini.

Sababu moja twaijua kwa aibu, maana tumo ndani yake. Tuliwahi kuhudhuria mkutano ulioitwa wa kuwashirikisha wananchi. Tukaandika majina na kutia saini kwenye karatasi iliyozungushwa, tukanywa soda, tukapewa nauli. Mradi haukujadiliwa hata robo saa. Baadaye tulipotaka kuupinga, tulionyeshwa karatasi ile ile: saini zetu ndizo zilizokuwa ushahidi kwamba tumeshauriwa na tumekubali. Sisi, wanasheria, tusiotia saini hati ya mteja kabla ya kuisoma mara mbili!

Kwa hiyo tuieleze saini hii mnayoombwa. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, kifungu cha 48, yaeleza habari za kamati ya ukaguzi na upokeaji, ambayo wajumbe wake huteuliwa na ofisa mhasibu wa taasisi husika. Hao ni watu wa ofisi. Kamati ya mradi ya wananchi huwekwa pembeni ili iseme, naam, sisi wenyeji tumeridhika. Mkisema mmeridhika, mkandarasi hudai malipo. Katika mikataba mingi sehemu ya fedha huzuiliwa kwa muda, ili kasoro zikijitokeza azirekebishe kwanza ndipo amaliziwe. Saini ya mapema humnyang'anya mwananchi kamba pekee aliyokuwa ameishika. Mzee wa kanisa huombwa saini hiyo si kwa kuwa anajua kupima changarawe. Huombwa kwa kuwa anaaminika, na uaminifu huo ndio unaoazimwa bila kurudishwa.

Tusidanganyane pia kwamba mjumbe mmoja aweza kutengeneza sheria, kugawa fedha na kisha kujikagua. Tarehe 8 Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliitangaza sheria ya mwaka 2013 ya hazina ya maeneo ya bunge kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa ilimtia mbunge katika utekelezaji anaopaswa kuusimamia. Kipimo hicho tukitumie pia kwa diwani wa kaunti, kwa mwenyekiti wa kamati ya kijiji, na kwa mzee wa kanisa ambaye mpwawe ndiye mkandarasi.

Wala fedha zenyewe si zawadi. Ushuru wa matengenezo ya barabara ulipandishwa mwezi Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mama apakiaye mboga kwenye matatu kwenda Mwatate ameulipa ndani ya nauli.

Mtu akijibiwa kwamba barabara hiyo si yetu, asikate tamaa, maana hapo mara nyingi huwa pana ukweli nusu. Barabara kuu ya kutoka Voi kupitia Mwatate hadi Taveta ni ya mamlaka ya barabara kuu ya kitaifa. Nyingine ziko chini ya mamlaka ya barabara za mashambani, na nyingine ni za kaunti. Swali la kwanza liwe: ni ya nani? Lijibiwe kwa maandishi, sio kwa simu.

Katika kaunti hii tumeona pia hasara ya ugomvi wa wakubwa. Mwaka 2019 gavana na bunge la kaunti walivutana juu ya bajeti, fedha za maendeleo ya wadi zikiwa katikati, hadi saini zikakusanywa za kuomba serikali ya kaunti isimamishwe. Tazameni: hata hapo wananchi waliombwa saini. Kila upande ulisema wawapigania. Hatukumbuki upande uliokuja na daftari la vipimo.

Twasikia mnong'ono kwamba kanisa lisiingie siasa. Maaskofu Katoliki waliunda Tume ya Haki na Amani mwaka 1988, mwaka ule ule wapiga kura walipopangwa foleni nyuma ya wagombea. Kama haikuwa dhambi wakati huo, kupima upana wa kalvati sasa hakutampoteza mtu mbinguni.

Kamati yenu basi iwe hivi. Isipokee posho kutoka kwa mkandarasi wala ofisi inayokaguliwa. Idai mkataba, michoro na orodha ya vipimo na bei kabla ya kwenda njiani, kwa sababu bila hiyo mtaona barabara na hamtajua mlichokosa. Nendeni na futi na kamera ya simu. Nendeni baada ya mvua, si wakati wa kiangazi. Huku kwenye miteremko maji ndiyo mkaguzi wa kwanza, nayo hayapokei bahasha. Angalieni mitaro kabla ya kuangalia uso wa barabara. Wanawake wawe wengi, maana ndio wanaoijua kila korongo kwa miguu yao. Na asiyekwenda njiani asitie saini.

Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 yaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na hamlazimiki kueleza sababu ya kuomba. Ofisi ina siku 21 za kuamua. Ikinyamaza au kukataa, twaenda kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Tumekuja na nakala za barua hiyo, ziko mezani karibu na mlango. Nafasi ya jina la barabara tumeiacha wazi, na ya tarehe pia. Anayetaka kuijaza leo, tutabaki naye hadi amalize.