Ugonjwa Usioandikwa Hauna Fungu



Mmezoea kuniona mbele yenu nikisoma hesabu. Leo nimeomba dakika chache nizungumzie maandishi ya aina nyingine: yale anayoandika daktari kwenye daftari la mgonjwa.

Mama yangu alikuwa na kaka wawili. Wote wawili walianza kuyumba wakitembea wangali wadogo, wakaacha kutembea kabla ya kubalehe, wakafariki kabla ya kufika miaka 20. Kijijini ilisemwa ni mkono wa mtu. Bibi yangu alinyooshewa kidole mpaka siku anazikwa. Hakuna karatasi hata moja iliyobaki ya wajomba zangu wale.

Kisha dada yangu akapata mtoto wa kiume. Alipofika miaka minne alikuwa akianguka mara kwa mara, na mashavu ya miguu yake yalikuwa manene, tukawa tunamtania kwamba atakuwa mchezaji mpira. Kwa miaka mitano dada alizunguka na daftari la hospitali. Nimelisoma ukurasa kwa ukurasa, kama mkaguzi. Malaria. Upungufu wa damu. Miguu kulegea. Ukurasa mmoja umeandikwa ini, kwa sababu vimeng'enya vinavyopimwa kuangalia ini vilikuwa juu. Kumbe vimeng'enya hivyo hutoka pia kwenye misuli inayoharibika. Simlaumu mtu. Kila mmoja aliona ukurasa wake, na hakuna aliyejumlisha.

Mwisho daktari mmoja alimwambia mtoto akae sakafuni, kisha asimame. Mtoto akashika magoti, akajipandisha kwa mikono juu ya mapaja yake mwenyewe, kama anayepanda mti. Daktari akaagiza kipimo cha damu kiitwacho CK, ambacho hupima kimeng'enya cha misuli. Majibu yakarudi yakiwa juu mno. Akamuuliza dada, "Mama, upande wa kwenu kuna mvulana aliyewahi kuwa hivi?" Dada akaanza kulia.

Ugonjwa huo unaitwa Duchenne, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza katika miaka ya 1860. Ni ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, na baadaye moyo na pumzi. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana mama anaweza kuibeba akiwa mzima na mtoto wa kiume akaugua. Huwapata takriban wavulana 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa. Katika takriban theluthi moja ya wagonjwa, kasoro hutokea upya kwa mtoto mwenyewe na mama hana. Kwa vyovyote, si uchawi na si kosa la mama. Laiti ugonjwa wa wajomba ungeandikwa, dada angeulizwa swali lile mtoto akiwa mchanga.

Sasa niingie kwenye kazi yangu. Katika vitabu vya hesabu kila matumizi yana namba ya fungu. Magonjwa nayo ni hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya uainishaji inayoitwa ICD. Katika toleo la kumi, herufi G ni magonjwa ya mfumo wa fahamu, G71 ni magonjwa ya misuli yenyewe, na G71.0 ni kudhoofika kwa misuli kwa kurithi. Ipo pia G71.9, yaani ugonjwa wa misuli usiotajwa ni upi. Wahasibu wenzangu mnaijua akaunti hiyo: ndiyo "matumizi mengineyo". Kinachotupwa humo hakifuatiliwi tena.

Lakini hata G71.0 peke yake haitoshi, maana ndani yake mna Duchenne, mna Becker ambayo huenda polepole zaidi, na mna nyingine. Kwa hiyo namba iandikwe, na jina nalo liandikwe kwa maneno, pamoja na kipimo kilichothibitisha. Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika mwaka 2022, limeipa Duchenne mstari wake.

Mtaniuliza, karatasi inaponya? Haiponyi, na mpaka leo ugonjwa huu hauna tiba ya kuumaliza. Ila karatasi inalinda. Mtoto huyu akipelekwa kupasuliwa, ipo dawa ya kulegeza misuli wakati wa usingizi inayoweza kuusimamisha moyo wake. Mtaalamu wa usingizi lazima ajue mapema. Akiwa anatumia prednisolone, ambayo huchelewesha udhaifu, haifai kukatishwa ghafla kwa sababu kituo kipya hakijui habari zake. Fomu ya bima inataka ugonjwa utajwe. Na takwimu za MTUHA hutoka kwenye vitabu vya vituo vyetu. Kisichoandikwa humo hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakitengewi fedha.

Ndugu zangu, kila mwaka chama chetu hununua viti vya magurudumu, na tuendelee. Ninachoomba ni asilimia 5 tu ya makusanyo ya leo, kwa mambo mawili. La kwanza, nauli na gharama za vipimo kwa mtoto wa kwetu ambaye misuli yake inadhoofika bila sababu kujulikana. La pili, jalada gumu kwa kila mtoto wa namna hiyo, nakala moja nyumbani na nyingine kwenye kabati lenye kufuli pale zahanati. Ndani yake liwe na jina la ugonjwa na namba yake, majibu ya vipimo, dawa na kipimo chake, tarehe za kupima moyo na pumzi, onyo la dawa za usingizi, na ukoo wa upande wa mama. Katika taarifa ya fedha mtaona idadi ya watoto na shilingi zilizotumika. Majina hayatasomwa mkutanoni, maana siri ya mgonjwa ni mali yake.

Mpwa wangu sasa ana miaka 13. Hatembei, lakini hesabu anazipiga kunishinda. Dada zake wawili ni wazima. Siku watakapotaka kuolewa na kuzaa, watakuwa na jalada la kumwonyesha daktari na kuuliza kama nao wameibeba jeni hiyo. Bibi yangu hakuwa na kitu cha kuonyesha.

Mimi nimekwisha kuweka ahadi yangu kwenye bahasha, na ninawakaribisha nanyi.