HAZINA YA CHAMA HAIPIMWI KWA SIKU MOJA

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Kakamega)



Sisi wafanyakazi wa reli tumeombwa tueleze habari ya mfuko wetu mdogo wa mazishi. Hakuna aliyeiba. Kosa letu lilikuwa kutohesabu ya mbele.

Mwaka wa kwanza tulikuwa watu 60, kila mmoja akilipa shilingi 50 kwa mwezi. Tulipata 36,000, wala hatukufiwa. Mwaka wa pili tulifiwa mara moja, tukatoa 12,000, zikabaki 60,000. Tukajiona matajiri! Tukanunua hema na viti kwa 40,000. Mwaka wa tatu misiba ikawa minne, tukafunga daftari na 8,000 tu. Mwaka wa nne wenzetu 20 walistaafu, mapato yakashuka hata 24,000, na misiba ikawa mitatu. Mjane wa tatu alipewa 8,000 badala ya 12,000, na marehemu mumewe hakukosa kulipa hata mwezi mmoja. Siku ile tulishindwa kumtazama mama yule usoni.

Ndugu zangu, hapa Kakamega mfano tunao. Dhahabu ilipopatikana mwaka 1931 watu wengi walikimbilia huku, lakini mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Kinachoingia leo huenda kesho kisiingie.

Basi tumekata shauri hivi. Kwanza, mweka hazina atasoma hesabu za miaka yote pamoja, ili tuone kama twapanda au twashuka. Pili, wanachama wakipungua tutakutana mara moja, tuongeze ada au tupunguze ahadi. Tatu, fedha ya misiba haitanunua kitu kingine. Nne, kila shilingi itakuwa na stakabadhi, na daftari litakuwa wazi kwa kila mwanachama.

Ada sasa ni shilingi 75. Kwa watu 40 ni 36,000 kwa mwaka, yaani misiba mitatu. Wako walionung'unika, nasi hatuwalaumu, maana mshahara ni mdogo. Lakini ahadi isiyo na fedha nyuma yake ni udanganyifu, hata ikitolewa kwa moyo mwema.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, ila hatukulisoma.

Na fedha ya kwanza ya ada mpya, shilingi 4,000, tulimpelekea yule mama nyumbani kwake.