Fungua Mipangilio kwa Sauti Yako Mwenyewe

Hii ni hotuba ya karani wa kaunti anayetumia kompyuta kwa sauti. Aliitoa katika mafunzo ya kidijitali kwa watu wanaoishi na ulemavu na walezi wao.

 

Mimi ni karani. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuchapa barua. Kisha ikaja ajali ya pikipiki, na vidole vyangu havikurudi kuwa vya zamani. Niliporejea kazini nilipewa kompyuta yenye programu ya kutambua sauti. Nilifurahi, maana ningesema nayo ingeandika. Lakini maikrofoni ilipozimika, au maandishi yalipokuwa madogo mno, ilinibidi nimwite mtu anifungulie mipangilio.

Siku moja nilihitaji kubadilisha nywila. Nikamtajia kijana wa afisi ya jirani, akaniandikia. Hakunifanyia ubaya wowote. Hata hivyo, usiku ule sikupata usingizi. Barua zangu, hati yangu ya mshahara na siri zangu zote zilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ndiyo maana leo sizungumzii kuandika kwa sauti. Nazungumzia kufungua mipangilio kwa sauti, kwa sababu huko ndiko mashine inakojua ni nani mwenyewe.

Tuanze na kompyuta ya Windows 11, kuanzia toleo la 22H2. Ndani yake mna zana iitwayo Voice Access. Mara ya kwanza huenda ukahitaji mkono wa mtu unayemwamini. Mwambie afungue Settings, aingie Accessibility, kisha Speech, na awashe swichi ya Voice Access. Hapo hapo kuna visanduku viwili: kimoja cha kuianzisha zana hii kabla ya kuingia kwenye akaunti yako, na kingine cha kuianzisha baada ya kuingia. Avitie alama vyote viwili. Ukisahau visanduku hivi, kila asubuhi utarudi kumwita mtu yule yule.

Zana ikiwaka, utaona upau mrefu juu ya skrini. Ikiwa imelala, sema: "Voice access wake up". Kisha sema: "Open Settings". Mipangilio ya kompyuta itafunguka bila kidole kugusa chochote. Ukitaka kushuka chini ya ukurasa, sema: "Scroll down". Ukitaka kubofya kitu, sema "Click" ukifuatishe jina lake kama lilivyoandikwa.

Hapa wengi hukwama. Mipangilio ni ya aina mbili: ya kompyuta nzima, na ya zana yenyewe ya sauti, ambayo aikoni yake iko kwenye ule upau wa juu. Usipojua jina la aikoni, usihangaike. Sema: "Show numbers". Kila kitu kinachobofyeka kitavishwa nambari. Ikiwa unachokitaka kina nambari 7, sema: "Click 7". Ukitaka nambari ziondoke, sema: "Hide numbers". Na ukisahau amri zote, kumbuka moja tu: "What can I say?" Orodha nzima itafunguka mbele yako. Kuuliza si ujinga, hata ukiiuliza mashine.

Walio na Windows 10 wana programu ya zamani, Windows Speech Recognition, iliyokuja na Windows Vista mwaka wa 2007. Huamshwa kwa "Start listening" na hulazwa kwa "Stop listening", na amri ya "Show numbers" inafanya kazi humo pia. Kwenye simu za Android kuna programu ya Google, nayo pia huitwa Voice Access. Huko utasema "Open Settings", kisha "Show numbers", kisha "Tap 4" au nambari yoyote unayoitaka.

Sasa nina maonyo mawili. La kwanza, sauti husikika. Usitamke nywila wala nambari ya siri ya M-Pesa mbele za watu. Ikiwa kifaa chako kinaweza kukutambua kwa uso, tumia njia hiyo. La pili, ukimaliza kazi sema "Voice access sleep". Maikrofoni iliyoachwa wazi inaweza kuyachukua maongezi ya afisini kuwa amri.

Najua kuna mama hapa anajiuliza, mbona amri zote ni za Kiingereza? Ni swali la haki. Tangu mwaka wa 2017 kibodi ya Google imekuwa ikiandika Kiswahili kinachotamkwa, cha Kenya na cha Tanzania. Lakini kuandika ni jambo moja na kuamuru ni jingine. Voice Access haijajifunza kuamriwa kwa Kiswahili. Kwa sasa, zikariri amri tano au sita, na kila amri uitamke kwa pumzi moja bila kukatakata maneno. Na ukitaka kusaidia, mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za watu wa kawaida wakisoma sentensi za Kiswahili, ili mashine zizoee matamshi yetu.

Katiba yetu, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya hali yake. Lakini kifaa usichoweza kukirekebisha mwenyewe ni kama nyumba ambayo ufunguo wake uko kwa jirani.

Walezi, nawaomba jambo moja. Mkifika nyumbani, washeni zana hii, tieni alama kwenye vile visanduku viwili, kisha mketi kando. Mwacheni mwenyewe aseme "Open Settings". Akikosea, mwacheni arudie. Mimi nilirudia mara nyingi, na ilipofunguka nilibadilisha nywila yangu siku hiyo hiyo. Hadi leo anayeijua ni mimi peke yangu.