Mbwa wa Kulinda Kuku

Kwa kuwa nguchiro, kanu na nyegere hawabishi hodi, mwenye kufuga kuku uani, hasa aliye jirani na Mbuga ya Ziwa Nakuru, hana budi kutafuta mlinzi. Mlinzi huyo ni mbwa, naye hulelewa pamoja na kuku tangu udogo.

Usihangaikie mbwa wa kizungu wa bei ghali. Wa kienyeji atosha, maadamu mamaye ni mpole, asiyekimbiza kuku. Mchukue akitimiza wiki nane. Mfunge kamba, umketishe kando ya banda kuku wakidonoa mahindi. Akiwatazama kisha akageuza uso, msifu. Akiwarukia, mkemee papo hapo, wala usimpige. Narudia: alelewe pamoja na kuku tangu udogo. Hata hivyo, usimwache nao peke yake kabla hajapita mwaka, kwani mchezo wa mbwa kijana aghalabu huua vifaranga. Mayai okota mapema. Akizoea kuyala, kumwachisha ni taabu tupu.

Akifika miezi mitatu, mpeleke kwa daktari wa mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa, nayo irudiwe kila mwaka. Usiku funga banda kwa kufuli, mbwa alale nje yake, bila mnyororo.