KITASA CHA MLANGO WA KUTELEZESHA
Mazungumzo ya seremala wa Sitalike

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo ambacho kila mwenye nyumba hukishika asubuhi na jioni, wala hakifikiri mpaka siku kitakapomwaibisha. Kitu hicho ni kitasa. Wala sisemi habari za vitasa vyote, bali kitasa cha mlango wa namna moja tu, yaani mlango wa kutelezesha, usiozunguka katika bawaba, bali usogeao kando juu ya reli.

Mimi ni seremala, nakaa Sitalike. Kwa wale wasiopajua, Sitalike ni kijiji kilicho kusini ya mji wa Mpanda, katika njia iendayo Sumbawanga, kando ya mto Katuma. Hapo ndipo penye lango la Hifadhi ya Katavi, ambayo ilifanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Wakati wa kiangazi, maji ya mto yapunguapo, viboko husongamana katika madimbwi kama magunia ghalani. Basi mtu wa Sitalike akiisha kuvuna mahindi yake, hamfikiri mwivi wa kibinadamu peke yake. Nyani naye ana mikono kama yetu, wala hana haya. Habari za tembo siziingizi humu, kwa kuwa tembo akikusudia kuingia ghalani hatafuti mlango.

Mtaniuliza, Kwa nini mtu aache mlango wa bawaba, uliotumiwa na baba zetu, atake mlango wa kutelezesha? Sababu ni nafasi. Mlango wa bawaba ukifungukia ndani hula mahali pa magunia. Ukifungukia nje, hugonga mkokoteni uliokuja kupakia. Mlango wa kutelezesha hushikamana na ukuta, haumsumbui mtu. Waliopata kusafiri kwa reli itokayo Kaliua kuja Mpanda, iliyojengwa kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, wataelewa upesi nisemalo. Maana mabehewa ya mizigo, kwa sababu hiyo hiyo, hufanyiwa milango ya kusogea kando. Behewa likisimama penye gati nyembamba, mlango wa bawaba ungekuwa kikwazo.

Sasa nitawaeleza jambo lililonipata, nalo ni la aibu kwangu, lakini mwenye kuficha kosa la kazi yake huwafundisha wengine kulirudia. Mama mmoja mjane wa kijijini kwetu alinitaka nimfanyie mlango wa namna hiyo katika ghala yake. Nikaufanya kwa mbao za mninga, maana mti huo hautanuki sana wakati wa masika wala haujikunji sana wakati wa kiangazi. Nikatia magurudumu na reli, ukateleza vizuri hata mtoto aliweza kuusogeza kwa kidole. Kisha nikafanya ulimi wa chuma wenye ndoano, ukaangukia nyuma ya kigingi cha chuma katika mwimo. Nikapokea ujira wangu, nikaenda zangu na furaha.

Haukupita mwezi, yule mama akaja kwangu alfajiri. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akanyamaza kitambo. Nikajua kuna neno. Akasema, "Mlango wako ulifungwa, fundi, lakini haukufungika." Usiku ule wezi walikuwa wameushika mlango, wakautikisa kwa kuuvuta na kuuachia, kuuvuta na kuuachia, mpaka ndoano ikapanda yenyewe ikatoka katika kigingi. Hawakuvunja ubao wala kukata chuma. Magunia manne yalikwenda, nayo yalikuwa chakula cha wajukuu wake mpaka mavuno mengine. Nilimlipa magunia yale katika mavuno yangu mwenyewe, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Lakini kulipa si kujua. Nilitaka kujua kwa nini chuma kizima kilishindwa na mikono mitupu.

Basi sikilizeni vema. Katika mlango wa bawaba, ulimi wa kitasa huenda kulia au kushoto, na mlango huja mbele au kurudi nyuma. Njia ya ulimi na njia ya mlango zakingamana. Kwa hiyo ulimi ulionyoka kama kidole watosha kabisa kuuzuia. Lakini katika mlango wa kutelezesha, njia ya ulimi ulionyoka na njia ya mlango ni moja. Ukiuvuta mlango, ulimi wachomoka katika tundu lake kama panga alani. Ndiyo sababu mlango huu wataka ama pingo la kushuka sakafuni, ama ulimi wenye ndoano ya kushika nyuma ya kitu.

Haya nilikuwa nayajua, na ndoano niliitia. Nisilolijua ni hili: nguvu ya kuvuta ilipita wapi? Ulimi wangu ulizunguka katika boliti moja, ambayo nitaiita mhimili. Nami kigingi nilikuwa nimekiweka chini ya kimo cha mhimili, kwa kuwa ndivyo ilivyopendeza macho. Chukueni kijiti kilichopindwa kama ndoano, mkitoboe mwisho wake, mkipigilie ubaoni kwa msumari mmoja kiweze kuzunguka. Kisha tieni kidole ndani ya ndoano, mahali palipo chini ya kimo cha msumari, mkivute kwenda mbali nao. Mtaona kijiti chainuka, kwa maana kila kivutwacho hupenda kunyoka na kukaa katika mstari mmoja na kile kikivutacho. Hivyo kila mara wezi walipouvuta mlango, wao wenyewe hawakuinua ndoano. Ni kitasa changu kilichowainulia.

Nikakaa siku tatu na vijiti na misumari, kisha nikaenda kwa mhunzi, tukafanya kitasa kipya. Nitawapa vipimo vyake, ili mwenye kutaka akifanye.

Kwanza, ulimi. Huu ni chuma bapa, upana wake inchi 1½, unene wake robo inchi. Toka mhimili hata penye ndoano ni inchi 5, na mkia wake upande wa pili ni inchi 4. Kwa kuwa upande wa ndoano ni mrefu na mzito zaidi, ulimi huanguka kwa uzito wake. Hautaki kamani, nayo kamani ndiyo iharibikayo kwanza kwa kutu na vumbi. Chuma hiki kisinyoke, bali kipindwe kama shingo ya bata, kipite juu ya kigingi kisha kishuke nyuma yake.

Pili, kigingi. Kiwe chuma cha mviringo cha nusu inchi, kishikwe baina ya masikio mawili ya chuma ili kisipindwe. Na kimo chake, hapa ndipo penye siri yote, kiwe sawasawa na kimo cha mhimili. Hapo mwivi akivuta, nguvu yake yaelekea mhimilini moja kwa moja, wala ulimi hauna sababu ya kuinuka.

Tatu, uso wa ndani wa ndoano, yaani ule ushikao kigingi. Usiache ukaelekea nje hata kidogo, maana utakuwa mteremko wa kupandia. Uelekee ndani kidogo tu, kadiri ya unene wa sarafu, ili mlango ukivutwa ndoano izidi kushuka. Lakini uso wa nje, yaani pua ya ndoano, uchongwe mteremko, ili mlango ukisukumwa kufungwa, pua ipande juu ya kigingi yenyewe na kuangukia nyuma yake. Acheni pia nafasi ya thumuni ya inchi kati ya ndoano na kigingi. Bila nafasi hiyo, siku za masika ubao ukitanuka kitasa kitakwama.

Nne, dawa ya kuinua. Mlango wa kutelezesha una adui wa pili, asiyekuwapo katika mlango wa bawaba: waweza kuinuliwa wote ukatoka katika reli yake, au ukainuliwa kiasi cha kuondoa ndoano. Kwa hiyo pigilieni ubao imara juu ya mlango, mwache nafasi ya robo inchi tu, nayo iwe ndogo kuliko kina cha mfuo wa gurudumu. Ubao huo msiusahau. Nimeona milango yenye kufuli kubwa za fedha nyingi, nayo yaweza kuondolewa yote na watu wawili kama kifuniko cha sufuria.

Tano, kufuli. Katika mkia wa ulimi tobo tundu, mbali ya mhimili kwa inchi 3, na katika bamba la mlangoni simamisheni sikio lenye tundu kama hilo. Ndoano ikiwa chini, mkia uko juu, na matundu mawili yaelekeana. Ndoano isipoanguka barabara, matundu hayaelekeani, na kufuli halikubali kuingia. Faida yake ni kubwa: hata katika giza totoro mkono wako wajua kama mlango umefungwa kweli. Tena angalieni kwamba kufuli hili halibebi nguvu ya mwivi avutaye mlango. Nguvu hiyo yachukuliwa na ndoano, kigingi na mhimili. Kazi ya kufuli ni kuuzuia mkia usishuke, basi.

Sasa wanafunzi mnaosikiliza, shikeni kalamu, tuhesabu kama kitasa hiki chatosha. Ndoano yashuka chini ya katikati ya kigingi kwa robo tatu ya inchi. Mwivi akiinua mlango, apata robo inchi, kwa sababu ya ule ubao wa juu. Yabaki nusu inchi. Kisha kufuli lacheza kidogo katika tundu. Tuseme lacheza thumuni ya inchi. Mkia uko inchi 3 toka mhimili, na ndoano iko inchi 5. Kwa hiyo mchezo wa thumuni penye mkia wakua kwa tano juu ya tatu penye ndoano, nao haufiki robo inchi. Ondoeni robo katika nusu: yabaki robo inchi na zaidi ya chuma nyuma ya kigingi, hata mwivi akifanya hila zote mbili kwa pamoja. Kama hesabu ingetoa sifuri, tungerefusha ndoano kabla ya kupasha chuma moto. Hesabu ni rahisi kuliko magunia manne.

Boliti zote zipenye ubao toka nje hata ndani, vichwa vya mviringo viwe nje na nati ziwe ndani. Skrubu zilizotiwa upande wa nje peke yake ni mwaliko kwa mwenye bisibisi.

Msidhani kwamba kushindwa kwa kitasa ni aibu ya seremala wa kijijini tu. Katika mji wa London, fundi Joseph Bramah alitengeneza kitasa, na tangu mwaka 1790 kikawekwa dirishani mwa duka pamoja na ahadi ya gini 200 kwa mtu atakayekifungua bila ufunguo wake. Miaka zaidi ya 60 ikapita. Mwaka 1851 palikuwa na Maonyesho Makuu katika mji huo, akaja fundi wa Marekani, Alfred Charles Hobbs, akakifungua kwa kazi ya saa 51, aliyoigawanya katika siku nyingi. Watu wengine walikasirika, wakasema amewafundisha wezi. Lakini wezi walikuwa wakijifunza bila yeye. Walioelimika siku ile ni wenye nyumba na mafundi. Basi nanyi mkiisha kufunga kitasa chenu, msingoje mwivi awe wa kwanza kukijaribu. Waiteni vijana wawili wenye nguvu, waambieni wautikise, wauvute, wauinue, mpaka jasho liwatoke.

Yabaki neno moja, nalo ni kubwa kuliko mahindi. Kitasa hiki hufungwa kwa nje, na pua yake hujifunga yenyewe. Mtu akiwa ndani naye mlango ukasukumwa, atafungiwa, na ghala ya bati wakati wa jua kali si mahali pa kumfungia mtu, sembuse mtoto. Kwa hiyo, kando ya mkia, toboeni mlango mwanya mdogo na kupitisha kishikizo cha chuma, ili aliye ndani aushushe mkia na kujifungulia. Na kila aingiaye aingie na kufuli lake mkononi. Kufuli lisiachwe nje hata mara moja, maana mtu apitaye aweza kulifunga kwa nia njema.

Mlango wa yule mama nilimfanyia upya bila ujira. Siku ya kuumaliza alikuja na wajukuu wake, akawaambia wautikise. Wakautikisa wote pamoja, huku wakicheka, hata vumbi likaanguka darini. Ndoano haikupanda. Mama akatia kufuli, akauweka ufunguo katika pindo la kanga, akaniambia, "Sasa umefungika, fundi." Nami sijapokea ujira ulionipendeza kama neno lile.

Kwaherini, wasikilizaji wangu. Laleni salama, na milango yenu ifungike.