Mbwa wa Baba na Mtoto wa Mama



Hapa Fizi na Baraka vita tunaijua: ya 1964, ya 1996, ya 1998. Wanaume wengi walibeba bunduki, kisha wakarudi nyumbani. Wengine usiku hawalali vizuri, wanashituka ovyo. Na kama baba wa namna hiyo ana mbwa aliyelala naye porini, anampenda kama ndugu. Musimucheke. Mbwa huyo anamutuliza moyo.

Si kwetu tu. Kule Virunga, Kivu ya Kaskazini, tangu 2011 walinzi wa parke wanatumika na mbwa wa kunusa. Na Marekani, sheria ya 2000 iliruhusu askari kupeleka kwake mbwa waliyetumika pamoja, mbwa akisha kuzeeka.

Lakini sikieni: upendo hauzuii kichaa cha mbwa. Mbwa mwema, akiumwa na mbwa mgonjwa njiani, naye anaweza kuambukizwa. Halafu akiuma mtoto, mama anaweza kuficha kidonda, kusudi baba asikasirike ao watu wasiue mbwa. Kuficha hivyo kunaweza kuua mtoto. Dalili zikisha kutokea, kama vile kuogopa maji, karibu wote wanakufa. Dawa ya kuwaponya haiko.

Basi, mufanye nini?

1. Osheni kidonda palepale, kwa maji mengi na sabuni, dakika 15. Hata mukwaruzo mudogo. Musiweke majivu wala pilipili.

2. Leteni mutoto hospitali siku ileile. Sindano si moja, mumalize zote. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha, akiumwa, naye anaweza kuzipata.

3. Musiue mbwa. Afungwe, aangaliwe siku 10. Akibaki muzima, hakuwa na ugonjwa katika mate yake siku ile aliuma. Lakini musingoje siku hizo ndipo mulete mutoto!

4. Mbwa apate chanjo kwa veterineri, munganga wa nyama, na arudishwe kila mwaka.

Mama, umwambie baba polepole, wakati moyo wake umetulia: "Unapenda mbwa wako, basi tumuchanjishe." Askari haachi mwenzake bila ulinzi. Chanjo ndiyo ulinzi wa mbwa, na ulinzi wa mutoto vilevile.

Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu.