Kutembea kwa Baisikeli Pamoja na Wenzi

 Habari tuliyo nayo leo ni ya jambo ambalo wengine hulihesabu kuwa mchezo wa watoto. Ni desturi ya watu kukusanyika, kila mmoja na baisikeli yake, wakatoka mjini kwenda kutembea mashambani na vijijini, kisha wakarudi kwao pamoja. Sisi walimu wa Chato, tukaao karibu na maji ya Ziwa Victoria, twaishika desturi hii siku za Jumamosi, pamoja na rafiki zetu walio wakulima, wavuvi, mafundi na wachimbaji wa dhahabu. Twapenda kuwaeleza asili yake na kanuni zake, na kwa nini twaiona kuwa jambo la maana.

Mzee mmoja alituuliza njiani, "Je, walimu, mnakwenda kuuza nini?" Tulipomjibu ya kuwa hatuuzi kitu, alitikisa kichwa, akasema, "Baisikeli ni punda wa chuma. Huchukua gunia la muhogo, madumu ya maji, samaki wa kupeleka mnadani, hata mgonjwa wa kupeleka zahanati. Ya nini kumchosha punda bure?" Swali lake lilikuwa la haki, nalo lastahili jibu.

Ni kweli kwamba katika nchi hii ya Wasukuma na jirani zao baisikeli ni chombo cha riziki. Mjini Shinyanga vijana wengi wamejipatia chakula kwa kuchukua abiria juu ya baisikeli, na watu wakaziita daladala, kwa jina la mabasi madogo ya Dar es Salaam. Kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walianza katika miaka ya 1960 kuvusha abiria kwa baisikeli, na huko ndiko lilikozaliwa neno bodaboda, ambalo sasa limehamia kwa pikipiki. Lakini tazameni: jembe nalo ni chombo cha kazi, wala Wasukuma hawakuona vibaya kulitia ngoma na nyimbo. Vijana wa elika, yaani chama cha kulimiana, walilima kwa mdundo mmoja, na vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, wa kuwaweka katika utaratibu. Jembe halikuharibika kwa kuimbiwa, na shamba lililimwa upesi zaidi. Vivyo hivyo baisikeli haichoki kwa kumchukua mwenyewe siku moja katika juma, ikiwa siku nyingine imechukua mizigo.

Wala kusafiri kwa kundi si jambo geni kwetu. Katika karne ya 19 Wanyamwezi, Wasukuma na Wasumbwa walikwenda pwani kwa misafara, wakichukua pembe za ndovu mabegani. Mbele alikwenda kirangozi, mtu aliyeijua njia, na wote wakamfuata. Msiri, aliyekuwa Msumbwa, alitoka nchi hizi za bara katika biashara ya namna hiyo akafika Katanga, akawa mfalme huko mpaka alipouawa mwaka 1891. Katika safari zile, mtu aliyeachwa nyuma peke yake aliingia katika hatari ya njaa, ya simba na ya wanyang'anyi. Msafara uliofika kweli ni ule uliofika pamoja na watu wake.

Baisikeli yenyewe ililetwa na wageni. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja, Karl von Drais, alitengeneza chombo cha mti chenye magurudumu mawili, kisicho na kanyagio, na mpandaji wake alijisukuma kwa kupiga miguu chini. Mwaka 1885 John Kemp Starley, katika mji wa Coventry nchini Uingereza, alitoa baisikeli yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, nayo ndiyo mama wa baisikeli zetu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama aliyekaa Belfast, akaleta mpira wa kujazwa upepo, na mifupa ya wapandaji ikapata raha. Lakini watu hawakungoja hayo yote ndipo watembee pamoja. Mwaka 1878, walipokuwa wakipanda zile zenye gurudumu kubwa mno mbele, Waingereza walikutana Harrogate wakaunda chama cha kusafiri kwa baisikeli. Mara mtu apatapo chombo hiki, hutamani mwenzi wa kwenda naye.

Sasa tueleze kanuni zetu, maana kundi lisilo na kanuni ni vurugu yenye magurudumu.

Kwanza, baisikeli hutazamwa jana yake jioni. Breki zishike, tairi ziwe na upepo, mnyororo utiwe mafuta, kengele ilie. Miongoni mwetu mmoja huchukua pampu, mwingine spana, na wa tatu gundi na viraka. Kila mtu huchukua maji yake mwenyewe, na hutakiwa awe amekula.

Pili, tunao kirangozi wa mbele na mlinzi wa nyuma. Hapana ruhusa ya kumpita wa mbele, wala hapana ruhusa ya kubaki nyuma ya wa nyuma. Kazi ya kirangozi ni kujua njia, na kazi ya mlinzi ni kujua watu. Kwa maoni yetu hiyo ya pili ni kubwa zaidi, kwa hiyo twampa mtu mwenye subira.

Tatu, mwendo wetu ni mwendo wa yule aliye dhaifu kuliko wote. Mtu huyo hatumwachi mkiani akihangaika, bali twamweka karibu na kirangozi, ili kirangozi asikie anavyovuta pumzi. Baisikeli nzito kama zetu, katika njia ya changarawe, huenda kama kilometa 12 kwa saa bila taabu. Mwendo huo wafaa. Waliosema mwenda pole hajikwai walikuwa wakiwasema wapanda baisikeli pia.

Nne, katika barabara ya lami twashika upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwenziwe, na kati yetu nafasi ya kutosha kusimama. Hatuendi wawili wawili tukizungumza. Mazungumzo hungoja vichochoro vya mashambani. Twatoka saa kumi na mbili asubuhi ili tuwe tumekwisha kurudi kabla ya giza, kwa kuwa dereva wa lori hawezi kumhurumia asiyemwona.

Tano, twaheshimu nchi za watu. Tukipita penye wazee waliokaa, twashuka na kuwaamkia. Hatuangui maembe yasiyo yetu, wala hatupiti juu ya pamba au mpunga uliotandazwa kukauka.

Kama twataka kupima kanuni hizi, na tutazame safari yetu moja. Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, nasi watu 11 tulikuwa twaelekea Muganza. Pamoja nasi alikuwako kijana mmoja mchimbaji wa dhahabu, mgeni katika kundi, aliyeazima baisikeli kwa jirani yake. Mlinzi wa nyuma siku ile alikuwa mwalimu mwanamke. Tulipofika penye mwinuko, alimwona kijana yule akiyumba, kisha akishuka na kushika kichwa. Akapiga kengele mara tatu, na kengele za wengine zikaitikia mpaka mbele kwa kirangozi. Wote tukasimama, tukarudi.

Kijana akasema, "Nendeni tu, nitawafuata." Ni maneno ya adabu, lakini mtu mwenye nguvu hayasemi. Tulimweka chini ya mwembe, tukampa maji, na mwingine akamtolea viazi alivyochukua kwa chakula cha njiani. Ndipo tulipojua ya kuwa alikuwa ametoka shimoni alfajiri ile ile, na tangu jana yake mchana hakutia kitu kinywani. Hakutaka kusema, maana alijiona mgeni, na mgeni huogopa kuwa mzigo. Tukakaa pale karibu saa nzima. Hakuna aliyenung'unika, wala hakuna aliyetangulia.

Muganza tulifika jua limekwisha kupanda. Tulikula samaki, kisha tukakaa ufukoni tukisimuliana habari za Kisiwa cha Rubondo, ambacho kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Baadhi yetu hawakuwa wamepata kusikia ya kuwa sokwe mtu waliomo kisiwani ni uzao wa wale walioletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969, wakaachiliwa msituni, nao wakazoea upya kujitafutia chakula. Kijana yule akacheka, akasema ya kuwa hata sokwe wamepata kuwa wageni Chato. Kisha, bila kuulizwa, akatuambia kwao ni wapi na wazazi wake ni nani. Alikuwa amekaa miaka miwili katika machimbo, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua habari hizo.

Masika yaliyofuata aliugua sana. Wenziwe wa shimoni walimjua kwa jina la utani tu. Ni watu wa baisikeli waliojua nyumba yake na kijiji cha kwao, wakampeleka hospitali, na wakawapasha habari wazazi wake. Alipona. Mzee wetu wa punda wa chuma, kama yu hai na anatusikiliza, hili ndilo tulilokwenda kununua siku zile tulipomwambia hatuuzi kitu.

Wasikilizaji, nchi yetu hii ya dhahabu imejaa watu. Wako Wazinza, Wasukuma, Wasumbwa, Wahaya, Wasubi na Warongo, pia wako waliotoka mbali kufuata machimbo. Tangu Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, miji imezidi kukua. Sokoni twaonana, lakini sokoni mtu hutazama bei, hatazami uso. Katika motokaa twaketi bega kwa bega bila kuulizana jina. Baisikeli huenda taratibu kiasi cha kuweza kusema na mwenzio, nayo huenda mbali kiasi cha kumhitaji mwenzio. Mambo hayo mawili yakikutana, urafiki huota.

Kuna neno kwa wazazi. Wengine huwaruhusu wana wao wa kiume na kuwazuia mabinti, wakidai ya kuwa baisikeli si adabu kwa mwanamke. Lakini Usukumani wanawake hupanda baisikeli kwenda shamba, kisimani na kliniki, wala adabu yao haikupungua. Binti aliye katika kundi, pamoja na mama na walimu wake, yu katika ulinzi kuliko yule aendaye shule peke yake asubuhi na mapema. Nanyi mmekwisha kusikia ni nani aliyepiga kengele siku ile ya Muganza.

Pia kuna neno kwa vijana. Pikipiki ina faida zake, wala hatuilaumu. Lakini hunywa mafuta kila siku, na wengi huipata kwa deni. Baisikeli hula ugali ule ule aulao mwenyewe, na humrudishia afya. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima atumikishe mwili wake kwa kiasi angalau dakika 150 kila juma. Safari moja ya Jumamosi yatosha kuzitimiza.

Basi, mtaanzaje? Msingoje baisikeli mpya wala mavazi ya rangi. Watu watano wenye breki nzuri watosha. Mchagueni kirangozi, mchagueni mlinzi wa nyuma, kisha nendeni kijiji cha pili, mwasalimu, mrudi. Mkitaka siku ya kuanzia, Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2018 kwamba tarehe 3 Juni iwe Siku ya Baisikeli Duniani, na kwetu siku hizo mvua za masika zimekwisha na njia zimekauka. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, na katika miaka ya karibuni wako waendesha baisikeli watokao Dar es Salaam mpaka Butiama kwa kumkumbuka. Ninyi hamhitaji kwenda mbali hivyo.

Mfikapo, msiulizane nani amekuwa wa kwanza. Hesabuni watu. Ikiwa hesabu ya kurudi ni sawa na hesabu ya kutoka, safari yenu imekuwa njema.